Nilivyompeleka Panya Ukweni Kisarawe

Kuna watu Kisarawe ambao hadi leo hawanijui kwa jina. Wakiniona nashuka barabarani wanasema, "Yule wa panya kaja," tena wanasema kwa sauti, hawanong'oni hata kidogo, na mimi napita nikicheka upande mmoja wa mdomo, maana nitakataa nini? Panya yule nilimpeleka mimi, kwa mikono yangu miwili, nikiwa nimevaa baibui jipya, nimepaka wanja, nimejifukiza udi mpaka jirani akaniuliza kama ndoa imeshapita bila yeye kualikwa. Aibu ya siku ile namwomba Mungu asinirudishie tena. Lakini kila nikiikumbuka, nikishamaliza kujificha uso kwa viganja, huwa naishia kushukuru, na mkinisikiliza hadi mwisho mtaelewa.

Mimi naitwa Nyamizi, Mnyamwezi wa Tabora, na wakati huo nilikuwa nimepanga Sofu, hapa Kibaha, chumba kimoja na kifremu cha mbele ninachouzia unga, mchele, maharage na karanga. Sasa ukishauza vitu hivyo, huhitaji kuwaalika panya, wanajialika wenyewe na ndugu zao. Nilikuwa nikifungua duka asubuhi nakuta kiroba cha mchele kimetobolewa pembeni, nafaka imemwagika sakafuni, na katikati ya mchele wameniachia vinyesi vyao kama salamu. Mteja akiona hivyo mara moja tu, hanunui tena kwako hata chumvi.

Nikaanza kutafuta mtego. Wa kwanza ulikuwa ule wa ubao na springi, wa kubana, ambao kila mtu anaujua, na nikautegea dagaa nyuma ya mlango jioni, kisha asubuhi nikaamka na usingizi wangu nikaenda kufungua mlango peku, na aliyenaswa ni kidole gumba changu cha mguu wa kulia. Nilichechemea karibu wiki nzima huku nikiwaambia wateja nimejikwaa. Nikahamia kwenye gundi, ile inayopakwa kwenye karatasi ngumu unaitandaza chini, nayo ikamnasa kifaranga wa mama mwenye nyumba wangu, Mama Neema, mama wa Kichaga kutoka Rombo ambaye kuku wake anawajua mmoja mmoja kwa tabia. Mchana kutwa nilikaa barazani nikimsugua kifaranga kwa mafuta ya kupikia ili gundi iachie manyoya, na Mama Neema amesimama juu yangu na mikono kiunoni akisema, "Endelea tu Nyamizi, ukimaliza kumpaka mafuta umtie na ndimu, tumle."

Sumu sikuthubutu kuitumia. Anapita yule kijana mwenye spika begani, "sumu ya panya, mende, kunguni," lakini mimi nauza chakula, na kuku wa Mama Neema wanaingia dukani kwangu kuliko wateja, kwa hiyo nilimwacha apite. Paka niliazima, akalala juu ya kiroba cha mchele siku mbili, akanywa maziwa yangu, akarudi kwao. Ndipo nikaenda sokoni Maili Moja nikanunua mtego wa kizimba, ule wa waya, panya anaingia mwenyewe kufuata chakula, akivuta tu mlango unajifunga nyuma yake, naye anabaki humo mzima, anakuangalia. Muuzaji aliniambia nichome kipande cha nazi mpaka kitoe harufu, ndicho nitundike kwenye ndoano. Nikafanya hivyo, na ule mtego ukafanya kazi.

Ulifanya kazi siku ambayo haikufaa hata kidogo.

Siku hiyo nilikuwa natakiwa Kisarawe. Kulikuwa na kijana anaitwa Seif, fundi umeme, Mzaramo wa huko, tulikuwa tumependana na tumekubaliana mambo ya heri, ila kwao kulikuwa na kizingiti. Baba yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake mzaa baba, Bibi Mwanaidi, na Seif aliniambia tangu mwanzo bila kunificha, "Bibi akikukubali, mshenga anakwenda kwenu Tabora. Bibi akikataa, Nyamizi, mimi sitaweza kumvuka." Tena alikuwepo Baba Mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi, aliyekuwa ameshamtafutia Seif binti wa hapo hapo mtaani kwao, na habari za mwanamke wa duka kutoka Tabora zilikuwa hazimuingii kabisa. Basi Bibi akasema, niletwe nionekane. Seif mwenyewe akaambiwa abaki kazini kwake huko Soga mpaka aitwe, kwa kuwa mkaguliwa ni mimi.

Mjue kitu kimoja. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la nne. Nimekua na kaka yangu na baba, watu wema, lakini mambo ya kwenda ukweni, unaingiaje, unakaaje, unapokea kikombe kwa mkono upi, sikufundishwa na mtu. Nilikuwa naogopa kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Kaka yangu alinitumia kindoo cha asali ya kwetu, na mimi nikanunua doti ya kanga na karanga nzuri za kukaanga, nikafunga furushi la Bibi, nikaliweka mlangoni tangu alfajiri.

Kisha nikageuka, nikamwona panya kwenye kizimba. Mkubwa, sikio moja limechanika, amekaa ananawa uso kwa mikono yake midogo kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Kumuua sikuweza. (Ndiyo, nacheka na mimi, mtoto wa mfugaji, nimeshika miguu ya mbuzi wa sikukuu tangu nina miaka saba, nimeshindwa na panya. Lakini mbuzi hanawi uso mbele yako.) Nikamwita Mama Neema aje amalize kazi, akakataa katakata, akasema kwao anayetega ndiye anayeua, halafu akaongeza maneno yaliyoniponza: "Na usije ukamwachia hapo nyuma ya nyumba. Panya wa kumwachia karibu anarudi kabla wewe hujanawa mikono. Mpeleke mbali, avuke hata mto, ndiyo atasahau njia." Nikawaza, mimi si ninakwenda Kisarawe? Na njiani si kuna msitu? Nikauzungushia mtego kanga yangu ya zamani, nikafunga fundo juu, nia yangu nichukue bodaboda hadi mahali penye vichaka, nimwachie, nirudi kumsubiri mwenyeji wangu.

Hapo hapo honi ikalia nje. Shangazi Tatu, dada wa marehemu baba yake Seif, amekuja kunichukua na Noah ya kuazima, amewahi kuliko tulivyokubaliana, na ana haraka. "Twende mwanangu, tusiwaweke watu!" Dereva akaingia, akachukua kindoo, akachukua furushi, akachukua na lile furushi la pili, akavitia vyote nyuma ya gari. Mngekuwa nyie mngesema nini? "Samahani, hilo ni panya"? Kwa mtu niliyemwona mara ya kwanza, siku ya kukaguliwa? Nilifumba mdomo nikapanda gari. Hilo ndilo kosa, mengine yote yalijizaa yenyewe.

Tukashika njia ya Kiluvya. Hatujaenda mbali, nyuma kukaanza kukwaruza. Krrr, krrr. Shangazi Tatu akageuza shingo.

"Kuna nini huko?"

Na mimi, bila kufikiri, ulimi ukatangulia: "Kuku, Shangazi."

"Umeleta kuku!" Uso wote ukamfunguka. "Jamani, mtoto ana adabu huyu! Mama anapenda kuku, hujui tu!" Na kabla sijapata hata pumzi alishatoa simu, anapiga Kisarawe, anapaza sauti kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika, "Ee! Kaja na kuku! Wa kienyeji! Mwambie Mama, kuku wake yuko njiani!"

Nikahisi jasho linanitoka chini ya baibui. Nikaona hapa dawa ni moja tu, tukifika penye msitu niombe gari lisimame. Nikasema, kwa sauti ndogo ya kibibi harusi, "Shangazi, naomba nikachimbe dawa," kama wanavyosema abiria wakibanwa na haja. Akamwambia dereva asimame. Nikashuka, nikazunguka nyuma, nikafungua mlango wa gari, nikabeba lile furushi la kanga kifuani, nikaanza kuelekea vichakani. Nikasikia nyuma yangu:

"Nyamizi! Na kuku naye anachimba dawa?"

Dereva alicheka mpaka akalala kwenye usukani. Nikarudi. Nikaweka furushi. Nikaenda vichakani mikono mitupu, nikasimama huko sina ninachofanya, nikarudi tena, safari ikaendelea. Nilikuwa nasoma dua zote ninazozijua, na ninazozijua zilikuwa chache.

Mpango wangu wa mwisho ulikuwa tukifika niwahi mimi kushika ule mzigo. Lakini tulipofika, wasichana wa nyumbani walishatoka na vigelegele, wamebeba kila kitu juu juu wameingia nacho ndani wakati mimi ndiyo kwanza natafuta kiatu changu chini ya kiti. Na kwao, nyie mnaowafahamu mnajua, mzigo wa mgeni wa heri haufunguliwi chumbani. Unawekwa ukumbini, juu ya mkeka, mbele ya kila mtu, vitu vinanyanyuliwa kimoja kimoja na kutajwa, asije mtu kesho akasema kuna kilichofichwa.

Nikaingia nikapiga magoti kumsalimia Bibi Mwanaidi. Mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, kanga mbili, tambuu mdomoni, macho makali.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

Pembeni yake Baba Mkubwa, kanzu nyeupe ya pasi kali, kofia, amekaa kwenye kiti peke yake huku sisi wengine tuko mkekani. Nikampa shikamoo yake, akaipokea, kisha akauliza huku anaangalia ukuta, "Huyo binti wa watu wa kuja, akichoka na Kibaha atatupeleka mtoto wetu wapi? Tabora?" Nikajibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Nilikuwa nimejikunja kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano, na kila swali nilijibu "ndiyo Bibi", "hapana Baba", macho chini. Nikamwona Bibi anatafuna tambuu yake polepole, anaangalia dirishani, na nikajua kwa hakika kwamba hajavutiwa. Kabla hata ya panya, nilikuwa nimeshaanza kushindwa.

Shangazi Tatu akaingia kazini. Akanyanyua kindoo: "Asali ya Tabora hiyo!" Vigelegele. Akaweka mfuniko pembeni watu waonje kwa kidole. Akafungua furushi la kwanza, kanga, karanga. Vigelegele. Kisha akavuta lile la pili.

Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Shangazi, hilo ni langu mwenyewe, naomba lisifunguliwe."

"Mnamsikia!" akapiga kelele. "Ana aibu! Anaona aibu kutoa kuku mbele za watu! Mama, njoo umpokee kuku wako kwa mkono wako!"

Bibi akasogea. Akaweka mikono yake miwili mbele, ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. Shangazi Tatu akafungua fundo.

Panya aliangalia watu, watu wakamwangalia panya. Halafu Shangazi Tatu akatoa ukelele ambao nadhani ulifika Pugu, akautupa mtego, mlango wa waya ukafyatuka, na mgeni wangu akatoka. Akapita katikati ya sinia la visheti. Wanawake wakaruka, mimi nikaruka nao, na kwa kuruka kwangu nikakipiga teke kindoo cha asali kikalala ubavu, asali ikatambaa mkekani taratibu, panya akapita humo humo, akateleza, akapata njia, na njia yenyewe ilikuwa chini ya kanzu ya Baba Mkubwa.

Siwezi kueleza alivyocheza yule mzee. Alishika kanzu kwa mikono miwili, akanyanyua mguu huu, akanyanyua ule, akazunguka, kofia ikamdondoka, na kila akikanyaga chini asali inamnasa soksi. Panya akatokea upande wa pili akakimbilia chumbani kwa Bibi, ameacha nyayo za asali sakafuni mpaka uvunguni mwa kitanda.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti (sijui nilipanda saa ngapi), ushungi umenitoka, wanja umeshuka mashavuni.

Baba Mkubwa akaokota kofia yake. "Nyumba hii," akasema, "haijawahi kudharauliwa namna hii. Mtu anakuja kukaguliwa kabeba panya? Kwenye kanga? Anampa mama yangu mkononi? Tatu, mrudishe huyu mlikomtoa, na Seif nitamwambia mwenyewe."

Nikashuka kwenye kiti nikapiga magoti kwenye asali. Nikalia. Nikasema yote, mchele uliotobolewa, kidole gumba, kifaranga wa Mama Neema, nazi ya kuchoma, nilivyoshindwa kuua, nilivyosema kuku kwa kuogopa, hadi vichakani nilivyosimama bila haja. Nilipofika kwenye kifaranga nikasikia mtu anapumua kwa pua kwa nguvu, nikadhani ni hasira. Nikamaliza kwa kusema, "Bibi, nisamehe, mimi sina mama wa kunifundisha, na nilitaka sana unipende."

Hilo la mwisho sikulipanga. Lilitoka lenyewe.

Bibi Mwanaidi akatema tambuu kwenye kikopo chake. "We mtoto, nasikia kwenu Tabora. Hebu sema kwa mdomo wako, kabila gani?"

"Mnyamwezi, Bibi."

"Mnyamwezi." Akamgeukia mwanawe. "Ramadhani, kaa chini."

"Mama, huyu..."

"Nimesema kaa. Huyu mtani wangu. Mtani anaulizwa kaleta nini?" Kisha akanigeukia, na yale macho makali nikaona kumbe yamejaa kicheko, amekizuia mpaka machozi yanamlengalenga. "Mimi nilikuwa najiuliza tangu umeingia, Mnyamwezi gani huyu anaingia kwa Wazaramo amejikunja, ndiyo Bibi, hapana Bibi, kama kaja kukopa! Nikasema huyu labda hajazaliwa huko. Kumbe mwenyewe! Wapagazi nyie, mmezoea kubeba, hamuwezi kutembea mikono mitupu. Mzigo ukikosekana mnafunga hata panya mnatwisha!"

Ukumbi wote ukaangua kicheko, isipokuwa Baba Mkubwa. Na mimi bado niko magotini naendelea kulia kama mjinga, mpaka Bibi akanipiga kofi dogo la bega. "Nijibu! Mtani akitukanwa hanyamazi. Ukinyamaza nitajua umenidanganya na kabila pia."

Jamani, nilikuwa nimesahau. Utani wetu na Wazaramo nimekua nao, babu yangu aliwahi kwenda msibani kwa Mzaramo akalala kaburini akagoma kutoka mpaka wampe jogoo, lakini woga ulikuwa umenifuta kila kitu kichwani. Nikajifuta kamasi kwa ncha ya ushungi. Nikamwangalia Baba Mkubwa, na soksi zake.

"Bibi," nikasema, "sisi kwetu tunasikia Wazaramo mkisikia ngoma mnaacha hata maiti njiani. Nikaona nisije mikono mitupu. Nikaja na mpigaji. Na mchezaji nimemkuta hapa hapa."

Nilidhani nimekufa. Bibi alianguka ubavu kwenye mto. Shangazi Tatu alikuwa anapiga sakafu kwa kiganja, hawezi kupumua. Baba Mkubwa alikaza uso, akaukaza tena, mdomo ukaanza kumcheza pembeni, akajifanya anakohoa, na mwishowe akasema kwa sauti nzito, "Basi na atozwe faini. Utani una faini."

"Faini ninayo," Bibi akasema. "Aliyeleta panya ndiye wa kumtoa. Haondoki hapa mpaka panya wake apatikane. Atalala kitandani kwangu."

Kaka yangu akapigiwa simu, wakasemezana wazee kwa wazee, akaridhia. Nami nikabaki Kisarawe, na baibui langu lina asali hadi magotini.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusugua ukumbi, na sisimizi walikuwa wameshafika kabla yangu. Baada ya hapo ikawa kutega. Kila jioni kabla ya magharibi Bibi ananiita, tunachoma kipande cha nazi jikoni, tunatega kile kizimba uvunguni, na asubuhi tunakuta nazi iko palepale na panya hayumo. Bibi anatikisa kichwa, "Mjanja huyo, wa Kibaha huyo." Basi siku inaanza. Na siku zile, wenzangu, ndizo ninazoshukuru mpaka leo. Bibi alinifundisha kukuna nazi na kuchuja tui la kwanza na la pili nisiyachanganye, kupika bada, ule ugali wa muhogo, lisilo na mabonge, kufunga kanga isifunguke hata ukiinama. Alinisuka nywele. Alinifundisha maneno ambayo mama humwambia binti yake faragha kabla ya ndoa, na nilipokuwa nashindwa kumwangalia usoni anacheka ananiambia, "Uliweza kuniletea panya, hili ndilo unaona haya?" Alinisimulia mwanawe aliyefariki, baba yake Seif, alivyokuwa mtundu, na siku hiyo tulilia wote wawili tukiwa tunachambua mchele.

Na Baba Mkubwa alikuwa anakuja kila siku. Siku ya kwanza alisimama mlangoni tu, akauliza, "Mpigaji wako kapatikana?" Nikajibu bado, akaondoka. Siku iliyofuata akaja na mtego wake, wa kubana, akasema hivyo vizimba vya waya ni vya watoto. Tukabishana. Nikamwonyesha kidole gumba changu, kucha ilikuwa bado nyeusi, akacheka wazi wazi kwa mara ya kwanza, akakaa akanywa kahawa. Kesho yake akasema panya hapendi nazi, anapenda samaki wa kuchoma, akaleta samaki mwenyewe. Siku moja akaja akasahau kabisa kuuliza habari za panya. Alikaa mkekani, sio kwenye kiti, akaniuliza habari za baba yangu, anafuga nini, ana afya gani, na nani atakayempokea mshenga akifika Tabora.

Nilikwenda jikoni nikasimama nyuma ya mlango nikashika moyo.

Mwishowe Bibi mwenyewe akaniruhusu kwenda, na siku ya kuondoka Shangazi Tatu alikuja na ile ile Noah. Nilikuwa na furaha, mshenga ameshapangwa, lakini nilikuwa na haya pia, kwa sababu faini yangu sikuilipa. Nikampigia Bibi magoti kumuaga chumbani kwake, nikamwambia, "Bibi, naondoka na deni. Panya sijampata."

Akatazama mlangoni kama kuna mtu. Hakuna. Akaniinamia sikioni, harufu ya tambuu na karafuu.

"Panya wako nilimuua asubuhi ile ya kwanza, ulipokuwa unaoga. Alinatana na asali nyuma ya sanduku langu, hata kukimbia hawezi. Nikampiga mchi, nikamtupa shimoni."

"Sasa Bibi, kutega kote kule? Nazi zote zile?"

"Ungeondoka," akasema. "Ningekwambia, ungeondoka siku ile ile, na Ramadhani asingekuja kukuona. Na mimi chumba hiki nalala peke yangu tangu Seif aende kutafuta kazi." Akanivuta ushungi akauweka sawa kichwani. "Ulisema huna mama. Nilikusikia."

Nimeolewa sasa, nipo Sofu bado, duka limekua kidogo, na panya nao hawajahama. Nimeapa mbele yenu kwamba panya nikimnasa namalizana naye hapo hapo uani, simpeleki popote, na nikiulizwa ni nini nitasema ni nini hata kama ni siku ya kiama. Ila jioni nikichoma kile kipande cha nazi, ile harufu ikipanda, huwa nachukua simu nampigia Bibi Mwanaidi, sina shida yoyote, namwambia tu nimekula, nimeshinda salama, na yeye ananiuliza, "Umepika nini, mwanangu?" na ninamweleza chote, mpaka chumvi.